Bubu wa Benchi la Zahanati

Daktari anayeuliza "unaumwa wapi?" anamtwisha mgonjwa kazi yake! Huo ndio uliokuwa msimamo wa Babu Injini, fundi magari mstaafu, na aliutangaza kwenye benchi la zahanati ya mtaa kama anayesoma katiba.

"Nimetibu malori maisha yangu yote. Lori gani liliwahi kuniambia linaumwa wapi?"

Wazee wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Hoja nzito, uzito wa gia boksi.

Tatizo ni kwamba Babu mwenyewe alishikwa na kizunguzungu. Alianguka bafuni, akailaumu sabuni. Mkewe akamkazania: nenda kwa daktari wa familia, yule binti mgeni.

Akakubali kwa sharti moja: hafungui kinywa. Akijua mwenyewe, ni daktari. Asipojua, arudi shule!

Akaingia, akaketi, akanyamaza kama sanduku la posta.

"Shikamoo, babu. Habari za nyumbani?"

Hata marahaba aliimeza, isije ikavujisha siri.

Daktari akampima presha ameketi, akampima tena amesimama.

"Babu, ukiinuka ghafla dunia inazunguka. Na ukisahau dawa ya presha, kesho yake unameza mbili. Acha! Moja tu."

Babu akatoka kama aliyeshuka kutoka mbinguni kwa ngazi. "Hakuniuliza kitu! Huyo ni fundi!"

Kesho yake benchi zima liliapa kutosema. Bubu wa kwanza akaingia, akakodolea macho dari. Daktari akamhurumia.

"Mzee wangu, nipe japo pa kuanzia. Juu ya kiuno au chini?"

Mzee akaendelea kuhesabu mbao za dari.

Nje, mke wa Babu akawasili. "Mbona mmekaa kama picha za ukutani?"

"Tunamwachia daktari agundue," mzee mmoja akanong'ona. "Kama alivyomgundua mumeo."

"Alivyomgundua nani?" Mama akacheka hadi mtandio ukamtoka. "Mimi nilimtangulia huyu hapa kwa daktari, nikamwaga yote! Bafu, dawa, mpaka matusi aliyoitukana sabuni!"

Benchi likageuka lote kumtazama Babu Injini.

Mlango ukafunguka. "Anayefuata?"

"Goti!" "Mgongo!" "Choo, mwanangu, choo!" Wote kwa mpigo, hadi daktari akaziba masikio.

Babu Injini peke yake ndiye aliyenyamaza, na safari hii hata asiyesomea udaktari aliona panapomuuma.