Kabambe Yangu Juu ya Kisahani cha Mkwe

Leo nimejivua nguo ukweni. (Si nguo za kweli, tulieni.)

Tulikuwa twende Karen kumposea kijana wangu Barasa msichana aitwaye Mwende, wa familia moja ya Wakamba. Binti yangu alinibeba mapema kwa gari lake, akanishusha huko. Barasa na wazee wetu walikuwa wanakuja nyuma kutoka Riruta. Nikatangulia kuketi peke yangu, kama chifu.

Baba Mwende, mwenye nyumba, akaweka simu yake juu ya kisahani cheusi mezani. "Inakaribia kuzima," akasema. "Hiki huchaji bila waya. Unaweka tu." Kisha akaenda kuulizia chai.

Bila waya! Na kabambe yangu ilikuwa imezima tangu Kileleshwa. (Ni ile simu ndogo ya vitufe. Betri nimeishikilia kwa mpira.) Nikaitoa ya mkwe polepole, nikaiweka kando, nikaifunika kwa kofia isipate vumbi. Nikalaza yangu pale.

Shangazi zake Mwende wakaingia. Mimi huyo, nikawafundisha fizikia ya kidato cha nne: umeme unatoka kwa kisahani, unaruka, unaingia kwa simu kama sauti ya redio.

"Na mbona haiwaki, mzee?" mmoja akauliza.

"Inanyonya kwanza." (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.)

Saa ikapita. Wazee wetu hawaonekani. Kuku akarudishwa jikoni. Nikaanza kuomba radhi: "Watu wangu hawaheshimu saa. Ndugu yangu Wekesa akinusa chakula njiani, lazima ashuke."

Baba Mwende hakucheka. "Baba Barasa, kama kijana amebadilisha nia, tuambiane tu. Msichana wangu si wa kungojeshwa."

Nikamwapia kuwa wako njiani.

Mara mlango wa ndani ukafunguka. Mwende mwenyewe! Kwa desturi alipaswa kufichwa mpaka aitwe, na shangazi zake walikuwa wamemnyang'anya simu. Alikuwa ameiiba tena. "Baba, Barasa amenipigia, wako kwenye geti la mtaa! Mlinzi hawezi kuwafungulia mpaka akupigie, na yako imezima!"

"Imezima aje? Si iko kwa chaji?"

Sote tukageuka. Juu ya kisahani, kabambe imelala na mpira wake kiunoni. Nikainua kofia. Simu ya mkwe, kioo cheusi tii.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka yangu ipate kidogo."

Baba Mwende akaigeuza kabambe. "Mzee, hata ukiiweka hapo mpaka Krismasi! Hii ni ya waya."

"Na ile fizikia?" shangazi akauliza.

Hapo nyumba nzima ikaangua kicheko. Baba Mwende akakimbia getini mwenyewe, na patipati miguuni. Wazee wakaingia, suti zimejaa vumbi. Nikawaomba msamaha mmoja mmoja, nikianza na Wekesa niliyemsingizia. Barasa alinishika bega tu: "Ni sawa, baba."

"Mtu wa kuondoa simu yangu kwa chaji bila kuuliza," akasema Baba Mwende, "huyo tayari ni wa nyumba hii. Tuendelee."

Wametukubali, jamani. Namshukuru Mungu kwa wakwe wenye moyo mwepesi. Sikustahili hata chai, na bado walinipa firigisi, kipande cha mgeni wa heshima.

Wazee wenzangu, chekeni polepole. Na mkienda ukweni, msiguse chochote ila kiti mlichoonyeshwa.