Kuhusu Binti Yangu Kuliamini Somo la Dini

Tukuyu,
14 Novemba 1994

Mheshimiwa Sista Mkuu wa Shule,

Shikamoo. Nasikia umri wako ni sawa na wa mdogo wangu wa mwisho, kwa hiyo shikamoo hiyo ni ya shela yako ya usista.

Mimi ni baba mzazi wa Atupakisye wa Kidato cha Tatu, mkulima wa chai na migomba, Mmoraviani tangu enzi za babu yangu. Nilimleta kwenu Wakatoliki kwa hiari yangu, kwa sababu siku hizi kila kitu ni ruksa, na kwa sababu shule yenu inafaulisha. Kwa upande wa Hesabu na Kiingereza sina neno. Neno langu ni hili: mmemfundisha dini mpaka ameiamini.

Tuelewane hapo, Sista. Somo lenyewe sikulipinga. Niliambiwa ni somo la mtihani kama mengine, nikasema sawa, alama ni alama. Lakini mbona kwenye Jiografia mmemfundisha ngano ya Kanada, na hajarudi nyumbani hata likizo moja akitaka tulime ngano? Mbona Kemia haijamfanya achanganye tindikali jikoni kwa mama yake? Dini peke yake ndiyo inayotoka darasani, inapanda basi, inakuja kukaa nyumbani kwangu. Madhara yake ni haya.

Kwanza, sala ya chakula. Zamani tulikuwa tunasali kifupi, mtu anakula. Sasa binti yako (nasema yako) anawaombea kwa majina watu ambao sisi hatusalimiani nao. Ndizi zinapoa, mchuzi unaganda, yeye bado yuko kwa jirani aliyetuulia mbwa.

Pili, maziwa. Mteja wangu ni mama mmoja mwenye hoteli pale Makandana. Kila mfugaji huku anajua kwamba maziwa ya ng'ombe wetu ni mazito mno kwa tumbo la mtu wa mjini, kwa hiyo tunayasaidia na maji kidogo. Likizo ya Juni nilimtuma Atupakisye ayapeleke. Akamweleza yule mama habari za maji bila hata kuulizwa, halafu akamwomba atusamehe nyumba nzima, pamoja na ng'ombe. Nakuuliza kwa heshima, Sista: maji mkimmwagia mtoto kichwani ni sakramenti, mimi nikiyatia kwenye debe ni dhambi? Hapo mnanionea.

Tatu. Limefutwa. Mke wangu Tulia amekuja kusimama nyuma yangu na ameanza kusoma.

Nne, na hili ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Mdogo wangu Lukasi alifariki mwezi wa saba. Bado namlilia, usinione naandika hivi. Aliacha mjane, Sekela, watoto wadogo wawili, na shamba la chai. Shamba lile hapo nyuma hakuna aliyelitaka, chai ilikuwa haina bei, na Sekela alilipalilia peke yake bila ndugu yeyote kumwonea wivu. Sasa soko limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanakuja na magari yao mpaka shambani, na ghafla ukoo mzima tumekumbuka kwamba Lukasi alikuwa ndugu yetu. Mimi kama kaka mkubwa nimeona niubebe mzigo huo, yaani shamba. Sekela nimemwambia anaweza kuendelea kuchuma kama kibarua, ajisikie yuko kwake.

Kwetu mtu wa kawaida haandiki wosia. Anasema neno lake kitandani, na aliyelisikia ndiye anayelisimamia mbele ya ukoo. Sasa balaa ni kwamba Lukasi alipolazwa, aliyekuwa anampelekea uji na kushinda naye ni Atupakisye. Ndiye aliyemsikia akisema shamba ni la Sekela na watoto wake. Mimi nilikuwa nimetoka kidogo kuulizia mbolea. Nimewaambia wazee wa ukoo kwamba Lukasi aliniachia mimi. Inawezekana kabisa. Alikuwa mgonjwa, huenda alisahau tu kulisema.

Wazee wamepanga kikao baada ya Krismasi, na wanataka kumsikia binti mwenyewe. Nilikuja shuleni kumwona, na ndizi na sketi mpya, nikamweleza taratibu kama mzazi. Akalia, Sista. Akasema ananiheshimu sana, ila atasema alichokisema baba yake mdogo. Na mimi nilikaribia kulia. Tukala zile ndizi, tukafuta machozi, na hakubadilika hata kidogo.

Kaka zake Hosea na Meshaki, waliosoma shule za kawaida, ni watoto wenye adabu. Wote wawili wako tayari kuwa wamesikia chochote nitakachowaambia kwamba walikisikia, ingawa Hosea siku hiyo alikuwa Mbeya.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Mzuieni Atupakisye hapo shuleni Desemba yote, asugue kanisa, alishe nguruwe wenu, mtajua wenyewe. Kama hilo haliwezekani, mwalimu wake wa dini amfundishe upya, safari hii kwa kiasi, na aziruke sehemu za wajane. Naambiwa ni nyingi, lakini mtihani hauwezi kuziuliza zote. Na kama hata hilo linawashinda, basi mpeni sifuri, ili wazee wajue kwamba dini yenyewe haijui.

Nisalimie masista wote, padri, mpishi, na yule mlinzi aliyekataa kunifungulia geti. Huyo msalimie mwisho. Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kunisoma.

Ni mimi, mzazi mwenzenu niliyeumizwa na elimu bora,
Ambindwile Mwakibinga

N.B. Barua hii ilikuwa bado haijatumwa nilipokwenda hospitali kwa ajili ya kifua changu. Nilimtania daktari, hakucheka. Juzi mdogo wangu Asajile alikuja kunipa pole. Badala ya kukaa ndani na mgonjwa, alizunguka shambani akiipima migomba yangu kwa hatua, na Tulia akamwona. Jioni akawachukua Hosea na Meshaki wakaenda kuongea, na wale watoto ninavyowajua, watakuwa wamesikia chochote atakachowaambia.

Sista, usimzuie Atupakisye. Mruhusu aje mapema, hata kabla ya kufunga shule. Kuna neno nataka alisikie kutoka kwangu, la nyumba na shamba la mama yake. Na la Lukasi aliseme lote kama alivyolisikia. Nikimfundisha kulimeza la Lukasi, langu atalisema nani?