Mkono Nilioinua kwa Ajili ya Urais wa Baba

Ndugu Askofu Winward,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Jumatatu ile Baba alipotukalisha sebuleni na kutangaza kwamba anagombea urais wa Marekani, alimalizia kama umaliziavyo wewe kanisani: "Wanaoafiki wainue mkono wa kulia. Wanaopinga, vivyo hivyo." Mimi niliinua pamoja na wanaoafiki, na moyoni nilikuwa napinga. Lakini kwa miaka yangu kumi na minane katika kata yetu ya kanisa sijaona hata mkono mmoja ukipinga. Nilidhani sehemu ile ya pili ni kama kukohoa kabla ya wimbo.

Kwa heshima, naomba kura ile irudiwe, nawe uisimamie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Marais tunao wa kutosha, maana kanisani kwetu kila kiongozi wa kikundi huitwa rais. Mama ni rais wa darasa la watoto la Jumapili. Shangazi LaRue ni rais wa akina mama. Mdogo wangu Anders, wa miaka kumi na miwili, ni rais wa wavulana wenzake watatu. Ameshateua washauri wawili, raia amebaki mmoja.

2. Kwetu anayetaka cheo hapewi. Unamwita mtu ofisini, anasema hafai, analia, anapewa. Baba hajalia. Ameenda Iowa, jimbo linaloanza kuchagua wagombea, mara kumi na moja kuwaambia watu kwamba anafaa. Kwa utaratibu wetu, hiyo peke yake ingetosha kumnyima hata ufunguo wa stoo ya viti.

3. Ulisoma mimbarani ile barua ya wakuu wetu kwamba Kanisa halina upande katika siasa. Uliisoma vizuri. Bango la Baba kwenye nyasi zako ni kubwa kuliko trampolini ya wanao. Siku hiyo hiyo Shangazi LaRue alinipakulia viazi vya jibini, akaninong'oneza, "Kula, mwanangu. Hatuna upande, ila tunashinda."

4. Mwandishi wa gazeti kutoka New York, akidhani waumini wetu bado wanaoa wake wengi, alimuuliza Mama, "Na wake wenzako wako wapi?" Mama akamjibu, "Wanaosha vyombo. Nenda ukawasaidie." Akaenda jikoni, akanikuta niko peke yangu. Akaandika kwamba binti hasemi. Tangu darasa la kwanza nimesoma nusu siku Kiingereza, nusu siku Kireno; najua kunyamaza kwa lugha zote mbili. Akauliza pia kama Baba atapokea amri kutoka Salt Lake, makao makuu ya Kanisa letu. Mtu ambaye Mama amemwamuru miaka ishirini afunge mlango wa gereji, na bado uko wazi!

5. Hili naliandika kwa aibu. Tangu Juni, jioni zetu za Jumatatu, ambazo ni za familia kukaa pamoja, zimekuwa za simu. Tunamwimbia Baba kwenye spika, naye anakata simu tukifika ubeti wa pili.

Basi mwachilie Baba kutoka kazi hii, kama umwachiliavyo mwalimu wa watoto anapomaliza utumishi wake, kwa kura ya shukrani. Marekani itapata mwingine.

Msalimie Dada Winward, wanao mapacha, na mpiga kinanda wetu ambaye hakuwahi kuulizwa kama anataka kupiga.

Wako asiyepinga hadharani,
Maren Tolstrup

Tanbihi: Leo posta imeniletea karatasi yangu ya kwanza ya kura. Nilisoma majina yote nikitafuta wa kumpa kura badala ya Baba. Nimempa Baba. Ndiye pekee kati yao niliyewahi kumsikia akimwomba mtoto msamaha.

Gari lake limeingia. Nasikia viatu vyake ngazini. Tangu mstari wa kwanza nimeifunika barua hii kwa kiwiko, sasa nimekiondoa. Kura yangu anayo. Naweka kalamu chini niinue mkono mbele yake, na mara hii ni wa wanaopinga.