Rubani wa Kurudi Nyuma

Ndege zote zilipoegeshwa kwa sababu ya ule ugonjwa, marubani walirudishwa nyumbani, wahudumu wakarudishwa nyumbani, hata mbwa wa kunusa mizigo wakapewa likizo. Katika uwanja mzima palibaki mtu mmoja tu ambaye kazi yake iliongezeka. Na mtu huyo naye alikuwa nyumbani, kakaa kwenye kochi, anafarijiwa.

Aliitwa Kapteni. Lakini si kazini. Kazini aliitwa Trekta, maana ndilo alilokuwa akiendesha: lile trekta fupi, pana, lenye uso wa chura, linalosukuma ndege kutoka mlangoni pa abiria mpaka mahali inapoweza kwenda yenyewe. Kapteni lilikuwa jina la mtaani na la ukweni, na alijipa mwenyewe.

Tumtendee haki kidogo. Ndege ni kitu cha ajabu. Inavuka bahari, inapita juu ya mvua, lakini ikishaelekeza pua yake kwenye jengo la abiria, hapo imekwama mpaka aje mtu wa trekta aisukume. Kapteni alilitafakari jambo hilo kwa miaka kumi na miwili, akakata shauri kwamba nusu ya urubani ni yake. "Yule wa juu anajua kwenda mbele tu," alikuwa akisema. "Wa kurudi nyuma ni mimi."

Kwa hiyo siku ya posa, wazee walipomuuliza anafanya kazi gani, alisema yuko kwenye ndege. Wakamuuliza kama anairusha. Akasema bila yeye hairuki. Baba wa binti akawageukia wenzake na kuwatangazia kwamba kijana ni rubani, na Kapteni hakuona kuwa ni adabu kumsahihisha mtu mzima mbele za watu.

Baba huyo alikuwa stesheni masta mstaafu. Miaka thelathini na moja alipuliza filimbi na kutazama saa, na hakuwahi kuruhusu treni iondoke kabla hajajua inakwenda wapi. Mwaka ule wa ugonjwa alikuja kwa binti yake kwa wiki moja tu, atolewe mtoto wa jicho. Alikuja kwa ndege, tiketi ya bei ya wafanyakazi, na njia nzima aliwaeleza abiria wenzake kwamba kwa kawaida ndege hii huendeshwa na mkwewe, basi tu leo yuko mapumzikoni. Jicho lilifanyiwa kazi Jumanne, likapona vizuri sana. Alhamisi safari zote zikafutwa. Kapteni akajikuta amefungiwa ndani na baba mkwe mwenye jicho jipya.

Asubuhi ya kwanza alishika begi lake, akajipitisha taratibu kuelekea mlangoni. Mzee alikuwa keshaamka, redio iko sikioni.

"Kapteni, unakwenda wapi?"

"Kazini, baba."

"Kazini kupi? Hapa wamesema marubani wote wamesimamishwa mpaka itakapotangazwa tena. Wote, hata mmoja hakubaki." Mzee akaizima redio na kumtazama kwa huruma kubwa. "Hukuambiwa?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi moja tu, na yote yangekwisha pale mlangoni. Lakini ukweni ni ukweni. Kapteni aliweka begi chini.

"Niliambiwa, baba. Nilikuwa sijataka kuwatia wasiwasi."

Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani akishona barakoa za mtaa mzima, aliinua kichwa. Yeye alijua kila kitu. Huwezi kufua ovaroli zenye grisi miaka minane ukaamini mumeo anashinda mawinguni. Alimtazama Kapteni, akakanyaga cherehani, na sindano ikaenda kwa hasira mpaka mwisho wa kitambaa.

Sasa, ndege iliyosimama si kama baiskeli iliyosimama. Ikikaa siku nyingi pale pale, uzito wote unalala upande mmoja wa tairi, na tairi linaanza kubonyea. Kwa hiyo lazima isogezwe, mita moja mbele au mbili nyuma, ili tairi ligeuke. Uwanjani palikuwa na ndege arobaini na moja zimepangwa pua kwa mkia. Madereva wengine wawili wa trekta walishapunguzwa kazi. Aliyebaki ni yeye, na alibakishwa kwa sababu, tusimwonee, hakuna aliyemfikia. Aliweza kupitisha bawa karibu na nguzo kiasi kwamba watu walifumba macho, na hakuwahi kukwaruza hata rangi.

Simu ya msimamizi ilimkuta bafuni saa tatu asubuhi.

"Trekta, uko wapi?"

"Naumwa, mama."

Mwaka ule neno hilo halikusemwa hivi hivi.

"Unaumwa nini? Unakohoa? Nikuletee watu wa afya hapo nyumbani?"

"Hapana, hapana. Jino."

"Jino haliambukizi," alisema msimamizi. "Njoo."

Siku ya pili alibuni jambo. Alimwambia mzee kwamba rubani aliyesimamishwa lazima aendelee kufanya mazoezi, vinginevyo mwili unasahau kwenda juu. Mkewe akamfungia ovaroli ndani ya foronya, akamrushia kupitia dirisha la nyuma. Kapteni alikimbia mpaka uwanjani, akasogeza ndege sita, akarudi adhuhuri anahema, amefurahi kama mtu aliyetoka harusini. Mzee akamsogelea. Lile jicho jipya likatua juu ya sikio lake.

"Hiki cheusi ni nini?"

"Mafuta ya ngozi, baba."

"Yananuka kama karakana ya treni."

"Ni ya kigeni."

Mzee alikaa akifikiri, na alipomaliza kufikiri akatoa hukumu iliyokuwa mbaya kuliko matusi yote: kwamba mtu aliyeporwa kazi anayoipenda haachwi peke yake. Kuanzia kesho watafanya mazoezi pamoja.

Wakafanya. Kila asubuhi, baba mkwe na mkwe, barakoa usoni, waliizunguka nyumba mara ishirini, mzee akihesabu kwa sauti na kutazama saa. Baadaye wakarudi ndani, mzee akavuta kiti karibu na kochi ili kumpa mkwewe nafasi ya kutoa yaliyo moyoni.

"Ukiwa kule juu, mwanangu, njia unaijuaje? Reli ninaielewa. Hewani je?"

"Tunafuata alama, baba."

"Zipi?"

"Mawingu," alisema Kapteni, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno.

"Mawingu yanahama."

"Ndiyo maana tunasomea miaka mingi."

Mzee alitikisa kichwa kwa heshima. Kwenye cherehani kulisikika sauti ya mtu anayejizuia kucheka ndani ya barakoa tatu.

Ubaya wa mzee yule ni kwamba alikuwa mwema. Angekuwa mkorofi, Kapteni angetafuta ugomvi, akasusa, akatoka. Lakini utamsusiaje mtu anayekukatia mkate kipande kinene kuliko chake, anayekwambia usiogope, siku moja utaruka tena? Kapteni aliona haya mpaka masikio yakamuuma, na kadiri alivyoona haya ndivyo uongo ulivyozidi kuwa mgumu kuutoa.

Jumatano msimamizi akapiga tena. Safari hii hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Matairi ya mstari wa tatu yameanza kubonyea. Nimekuvumilia kwa sababu ya mikono yako. Ijumaa saa mbili usipokuwa juu ya trekta, nampa mtu mwingine. Wanaotaka kazi wamejaa getini."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amesikia yote.

"Mume wangu, hii kazi ndiyo inayotuweka. Barakoa hazitashonwa milele. Mwambie baba."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Ule ule uliomdanganyia."

Alhamisi jioni Kapteni alioga, akavaa shati safi, akaja kukaa mbele ya baba mkwe na mikono juu ya magoti. "Baba," alianza, "kuna jambo nimekuficha." Mzee akainua kiganja.

"Usiseme. Najua."

Moyo wa Kapteni ukaruka kwa furaha. Anajua! Basi kumbe mambo ni mepesi hivi.

"Najua unalia bafuni," aliendelea mzee. "Nakusikia ukinong'ona kule na simu, unawabembeleza wakurudishe. Nimewapigia ndugu zangu wote leo. Nimewaambia, nina mkwe ambaye ni rubani mzima, na anaosha vyombo, anafagia, hajamkemea mwanangu hata siku moja. Nimewaambia, nilikuwa na mashaka naye siku ya posa, nilimwona mdomo mwingi. Nikakosea. Sikuwahi kuwaambia kitu kwa fahari kama hiki." Akajipangusa macho, jipya na la zamani, yote mawili. "Sasa sema ulilotaka kusema."

Kapteni alitazama kikombe cha mzee.

"Nilitaka kusema sukari imekwisha."

Ijumaa saa mbili ilimkuta nyuma ya nyumba, mzunguko wa kumi na nne, mzee akihesabu. Saa tatu simu ililia mara moja, ikanyamaza, na haikulia tena.

Jumatatu mchana hodi ilipigwa. Kapteni alikuwa uani anasugua masufuria, kwa hiyo mzee ndiye aliyefungua. Mlangoni palisimama bwana mmoja mrefu, amenyooka, ovaroli mpya bado ina mikunjo ya kutoka dukani. Alisimama mbali kama ilivyoagizwa, akaamkia kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Naulizia dereva… naulizia mwenyeji wa hapa. Tunatoka uwanja mmoja."

"Marahaba, mwanangu. Wewe pia ni rubani?"

"Nilikuwa, mzee. Mpaka safari zilipofutwa. Miaka kumi na tisa. Sasa nimepata kibarua cha trekta, lile la kusukuma ndege. Nimeanza Jumamosi. Dereva aliyekuwepo alibembelezwa sana, akawa haji."

"Watu hawana shukrani," alisema mzee kwa uchungu. "Wakati huu, mtu anaichezea kazi." Akageuka na kuita kwa sauti yake ya stesheni. "Kapteni! Njoo umwone rubani mwenzako!"

Kapteni alitokea, povu mpaka viwikoni. Alimtambua yule bwana mara moja. Alikuwa amemsukuma mara mia, tena asubuhi nyingine walipungiana mikono, mmoja juu kwenye kioo, mwingine chini kwenye usukani. Yule bwana aliangalia povu, akamwangalia mzee aliyejaa fahari, akarudi kuangalia povu. Miaka kumi na tisa ya kusoma vipimo haikupotea bure. Alielewa.

"Kapteni," alisema polepole. "Habari za siku nyingi."

"Mlikuwa mkiruka pamoja?" aliuliza mzee.

"Mzee, bila huyu nisingeondoka hata siku moja."

Kapteni angeweza kumkumbatia, kama isingekuwa marufuku. Mkewe naye aliacha cherehani, akaja kusimama nyuma ya baba yake ili asikose lolote.

"Nimekuja kwa sababu jana nimegonga nguzo," yule bwana aliendelea, sauti imeshuka. "Si sana. Lakini kurudi nyuma ni kugumu, sikujua. Msimamizi amesema kuna mtu wa kufunika injini anahitajika, ndege wa mwituni wameanza kujenga viota mle ndani. Atakuwa chini yangu. Nikafikiri… labda wewe…"

Ulikuwa wema uliokuja na ngazi, kitambaa cha kufunikia na robo ya mshahara wa zamani. Ndani ya kichwa chake Kapteni aliliona trekta lake, kiti kilichokwishapata umbo lake, na mtu mwingine amekikalia akigonga nguzo.

"Mimi naweza lile trekta," alisema ghafla. "Baba, mimi ndiye ninayeliweza lile trekta. Hakuna anayeliweza kama mimi. Nisikilize, nimeliendesha miaka kumi na miwili."

Ukweli ulikuwa umetoka, mzima, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Mzee akamwendea mkwewe, akasahau masharti yote ya ugonjwa, akamwekea mkono begani kama anavyoshikwa mtu mwenye homa kali.

"Tatizo lake ni hili," alimwambia yule mgeni kwa kunong'ona. "Kukosa kuruka kumeanza kumwingia kichwani. Mchukue. Mpe hiyo kazi ya vitambaa, atulie."

Akamgeukia Kapteni, sauti ya upole kabisa.

"Nenda na mwenzako, mwanangu, ufunike injini. Ila nakuomba kitu kimoja, uniahidi mbele ya mkeo: lile trekta usiliguse. Lile linataka mtu anayelijua."