Korongo Wawili Niliowaona Kitandani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo Mama Bernadina kanikabidhi darubini yake. Alinifundisha baiolojia kidato cha tano. Sasa kastaafu, lakini wanaotafuta watafiti wa ndege bado wanamsikiliza. Nafasi ni moja. Tunaoigombea ni mimi na Suzana, mwanafunzi wake mwingine. Kila mmoja kapewa ngitili yake ya kuhesabia ndege, yale malisho yanayofungwa kungoja kiangazi. Yangu iko njia ya Bulyanhulu. Ushauri wa Mama: amka kabla ya jua, kaa kimya, andika ulichoona tu. Hata sifuri ni matokeo. Suzana aliitikia kwa kichwa mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Jumatano, 11 Juni

Baridi. Vumbi. Na shangazi Mariana, hapa Nyahanga, ana blanketi zito. Ndege nawajua, ngitili nazijua, ya nini kusumbuka? Nimeandika ripoti kitandani. Kanga wengi, hondohondo kadhaa. Ikaonekana kavu, nikaongeza korongo wawili wanacheza. Nimeituma kabla ya chai.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa! Mama kapiga simu kwa furaha. Korongo hajawaona kule miaka mingi, kesho anakuja kuwaona. Nikamwambia barabara mbovu. Akasema atavaa buti. Nikamwambia huenda wamehama. Akasema basi tutatafuta kiota.

Jumamosi, 14 Juni

Ngitili haipo. Kuna rashi ya dhahabu, watu wamefurika kuchimba. Maturubai, mashimo, karasha za kusaga mawe zinanguruma. Mchimbaji mmoja, Chacha, alimpa Mama shikamoo, akaeleza kuwa watu waliingia tangu Aprili na miti yote imeshuka chini kuwa matimba ya kushikilia kuta za mashimo. Akauliza kama tunataka kununua duara, yaani shimo letu la kuchimba. Mama akasema tunatafuta korongo. Chacha akanitazama mimi.

Mama hakunigombeza. Alifuta miwani, akauliza siku ile nilikuwa wapi. Nikasema kwa shangazi. Akachukua darubini shingoni mwangu, akaitia mkobani. Heri angenigombeza.

Jumapili, 15 Juni

Nafasi kapata Suzana. Ngitili yake nayo imekatwa, na yeye aliandika sifuri. Mama kasema sifuri ile ilimliza, lakini aliiamini. Kasema ningekwenda asubuhi moja tu, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kueleza kilichotokea kule. Najuta. Kanisani sikuweza kuimba.

Jumatano, 18 Juni, Didia

Mama kanionea huruma. Kanirudishia darubini, kanipa ngitili ya hapa Didia. Nikifanya vizuri atanisemea kwingine. Kasema hakuna mara ya tatu.

Safari hii nimemsikiliza. Nimejua kinachomgusa. Jana, kabla ya kulala, nilituma ripoti: sifuri, na maneno machache ya huzuni kuhusu miti.

Leo nilitaka kulala hadi saa tatu, haiwezekani. Kanga wanapiga kelele nyuma ya nyumba, hondohondo wako juu ya bati. Nimemwomba mwenyeji wangu, mzee Masalu, awafukuze. Kasema hawafukuziki, wanatoka ngitili, wamejaa. Kasema nitoke haraka na darubini yangu, kuna korongo wawili wanacheza.

Nimejifunika blanketi.