Upatu Wangu Uliogeuzwa Sufuria

Kampung Kemlayan, Solo
19 Mei 1937

Kwa Bwana Mkuu wa Vipindi,
Redio Sekar Arum, Solo.

Mheshimiwa Raden,

Mimi mtumishi wako Karsodimejo, mpiga upatu mkubwa katika kundi lenu la muziki wa gamelan la Jumamosi jioni, na mchana fundi miavuli, nakuandikia kwa heshima zote na kwa uchungu ambao heshima hizo zinauzuia kwa shida. Hunijui kwa sura. Mimi hukaa nyuma kabisa, na upatu wenyewe ni mpana kuliko mimi, basi anayetazama kutoka mbele huona upatu tu. Sina neno na hilo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mashine yenu ya kutangazia ni mbovu. Jumamosi iliyopita iliuchukua upatu wangu, ambao ukipigwa vizuri hata kifua kinatetemeka, ikaugeuza sufuria. Sisemi kwa kisirani. Ndivyo walivyousikia watu zaidi ya ishirini waliokaa barazani kwa jirani yangu Prawiro, karani wa reli, mwenye redio pekee mtaani kwetu.

2. Kati ya hao ishirini alikuwamo Pak Atmosuwignyo, mfanyabiashara wa batiki kutoka Laweyan, ambaye mwanawe anataka kumwoa binti yangu Sutarmi. Watu wa Laweyan unawajua, Bwana, hawaozi wala hawaoi hovyo. Alitaka kwanza ajue sisi ni watu wa namna gani. Mke wangu, kwa majigambo ambayo nakiri alijifunza kwangu, akamwambia: "Njoo Jumamosi usikilize, baba yake yumo redioni. Bila yeye wimbo hauishi!" Na hilo ni kweli tupu. Wengine wanaweza kupiga mpaka vidole viote sugu, lakini upatu usipolia mwishoni, wimbo unabaki unaning'inia na msikilizaji hata mate hawezi kumeza.

3. Wimbo wa mwisho ulikuwa mrefu na wa polepole. Katika wimbo kama huo zamu yangu huja kila baada ya dakika tatu au nne, na katikati mpiga upatu hana kazi ila kusikiliza. Mimi husikiliza nimefumba macho. Ni mtindo wangu, wengi hawauelewi. Nilipoyafumbua, wenzangu walikuwa wanafunika vyombo kwa vitambaa, jambo linaloonyesha jinsi kazi ilivyokwenda laini. Mpiga ngoma alinitupia jicho baya, na tangu siku hiyo kiongozi wetu haitikii salamu yangu. Wivu, Bwana, wivu mtupu.

4. Basi nikarudi nyumbani kifua mbele, nikitegemea pongezi, nikamkuta mke wangu analia. "Baba Tarmi, umetuumbua! Upatu gani ule? Ko! Kama mtu anagonga sufuria jikoni!" Akanieleza kwamba Pak Atmo alikohoa, akacheka chini kwa chini, akauliza: "Kumbe huyu mzee ni mpishi?" Kisha akaaga kwa adabu, na adabu ya watu wa Laweyan inatisha. Leo ni siku ya nne hajaleta neno. Binti yangu hali vizuri, na nikimtazama anaukwepa uso wangu, anainamia kitambaa chake cha batiki. Anampenda yule kijana, naliona hilo hata mimi nisiyeona mengi. Akimkosa, kosa ni la nyaya zenu.

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mtangaze Jumamosi ijayo kwamba mashine ilikuwa mgonjwa. Halafu kipaza sauti kiondolewe mdomoni mwa yule bibi mwimbaji, ambaye hata bila hicho anasikika mpaka Klaten, kiwekwe mbele ya upatu.

6. Nimefikiri zaidi nikiwa nashona mwavuli. Itengwe jioni moja nzima ya upatu peke yake, bila zeze, bila ngoma, bila bibi. Kwa muda wa saa mbili vipigo vitafika kama thelathini na vinne. Kati ya kipigo na kipigo wasikilizaji watatulia na kufumba macho, watafaidika sana.

7. Hilo likishindikana, kituo chote kihamie kwangu. Tutasogeza miavuli.

Nakomea hapa, Raden, nikiwa nimepiga magoti mbele yako kwa maandishi. Nisalimie mafundi wa nyaya, ingawa wamenikosea, na mtangazaji, na bawabu, na mama wa chai, na bibi mwimbaji pia, asichukie.

Ni mimi mtiifu wako, niliyeonewa na umeme,
Karsodimejo

Nyongeza: Bwana, kabla ya kuifunga barua hii niliwasomea watu wa nyumbani kwa sauti, maana nilijiona nimeandika vizuri. Nilipofika kwenye nyaya, Tarmi akaweka chini kalamu yake ya nta ya kuchorea batiki. "Baba, usiipeleke. Ile ilikuwa sufuria kweli." Anasema wimbo ulifika mwisho, ngoma ikaita, baraza zima likazuia pumzi, na upatu kimya. Yeye alikuwa jikoni kwa Prawiro anapakua. Akaumwaga wali wote wa wageni kwenye ungo, akaishika sufuria ile ya shaba, akaigonga kwa mchi mahali pale pale hasa, bila kuchelewa hata kidogo. Pak Atmo alikaa karibu na mlango wa jikoni. Aliona yote. Tukiwa bado tunatazamana, mjumbe wake akabisha hodi: wanamtaka binti, tena upesi, maana msichana anayejua upatu uangukie wapi, akakimbia kumsitiri baba yake, wao wanamhitaji nyumbani kwao. Mimi nimealikwa harusini pia, ila nikae mbali na vyombo.

Mashine yenu ni nzima, Bwana. Nililala. Nilimwuliza Tarmi kwa nini alininyamazia siku nne naye anaumia. Akasema, "Ulirudi una furaha sana, Baba. Nilishindwa kukuambia." Nimelia, sikufichi. Karatasi nyingine sina, basi naituma hii hii, na maombi yangu yote yafutwe, libaki moja: Jumamosi, nafasi ikipatikana, mtangaze kwamba upatu wa mwisho wa tarehe 15 Mei ulipigwa na Sutarmi binti Karsodimejo.