Saa ya Nashipae Inazimika Mlimani

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali. Mlima Meru haujaonekana tangu juzi. Nashipae kapita mbele ya geti letu asubuhi akitoka kukimbia, wala hahemi. Mimi nikipanda tu ngazi za kanisa natafuta dawa yangu ya kuvuta. (Jeshini JKT walinirudisha nyumbani wiki ya kwanza kwa sababu ya pumu. Kidato cha sita nimemaliza, pumzi sina.) Yeye anakimbia kama mtu aliyetumwa na anayeijua njia. Moshono nzima hakuna mwingine kama yeye.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nimeyafanyia mazoezi jikoni. Alipofika karibu nikasema shikamoo. Shikamoo! Ana miaka ishirini na mbili! Akacheka, akauliza kama anafanana na bibi yangu, kisha akasimama. Alisimama! Akanionyesha mkono. Saa yake ya michezo imezimika tena.

Kaiazima kwa kocha wa kambi ya wakimbiaji huko Mbulu. Kocha anataka kilomita thelathini, zote zimerekodiwa na saa, kabla ya Jumatatu jioni. Zikikatika katikati, nafasi ya kambini anapewa mwingine. Mwanzoni chaji ilikaa siku nne. Sasa haimalizi hata asubuhi moja. Tatizo limeanza kama wiki mbili hivi.

Nikasikia sauti ikisema dada niachie mimi, mambo ya saa nayajua. Ilikuwa sauti yangu. Sijui lolote kuhusu saa.

Kundi langu la WhatsApp, Tumtie Moyo Nashipae, nalo limetimiza wiki mbili. Wanachama mia moja na arobaini! Ana kwa ana siwezi kusema neno, ila humo mimi ndiye admini. Nimewaomba waiombee betri. Baba mdogo Elimringi, mwalimu wa kwaya, katuma sala ndefu ya sauti. Wote wakajibu Amina. Mmoja mmoja, kama ipasavyo. Kwetu usipojibu Amina, jioni unapigiwa simu kuulizwa umekosana na nani.

Jumatano, 9 Julai

Nimesoma habari za betri mpaka bando la mama likaisha. Mama kaongea. Mengi.

Mchana Nashipae kaniachia saa yake, akaingia ndani kunywa chai. Nikapunguza mwanga wa kioo. Nikazima kipimo cha usingizi. Nikaizima yote na kuiwasha tena. Muda wote huo ilikuwa ikitetemeka mkononi mwangu. Tr! Tr! Tr! Nikachungulia: kumbe ni jumbe za kundi letu, zinaingia kwenye simu yake na kupita hadi kwenye saa. Nilifurahi mno. Kumbe anatusoma hata akiwa njiani!

Kwa furaha nikabonyeza pasipostahili. Saa ikageuka Kichina. Au Kijapani. Nimehangaika nayo hadi jasho likanitoka, na baridi yote hii. Aliyeirudisha ni Blessing. Blessing! Tulisoma naye darasa moja. Ana baiskeli, ana sauti, na kila siku humfuata Nashipae akimbebea maji. Akanipa hongera mbele ya watu: fundi, mgonjwa amepona? Wote wakacheka isipokuwa Nashipae. Yeye alisema Kichina kingemfaa, ipo siku atakwenda kukimbia huko. Nani mwingine angesema vile?

Alhamisi, 10 Julai

Nimegundua! Ni baridi! Imeandikwa kabisa: baridi hudhoofisha betri. Na Nashipae hupanda kule juu kwenye mashamba ya kahawa, ukungu ukiwa bado umelala chini.

Nimefumua pindo la shali ya mama. Ya kijani. Nimeifumia saa sweta. Dogo, lina tundu la kuchungulia. Nimetuma picha kundini. Amina tupu hadi chakula cha jioni. Baba mdogo kaimba beti mbili.

Mama anatafuta shali yake.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempa sweta. Nimemnyooshea tu kama mtu anayetoa sadaka. Blessing alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Akauliza kama saa itahitaji na soksi, au soksi ni za Pasaka.

Nashipae kalivaa! Kaondoka nalo, kapita mbele ya bodaboda wote pale kona, kijani mkononi, kichwa juu.

Karudi saa imezimika. Akanishukuru, akasema mkono wake haujawahi kupata joto namna hii. Mtu mkubwa hujulikana hapo.

Jumamosi, 12 Julai

Leo ndiyo ilikuwa siku ya thelathini. Mpango wangu ulikuwa mzuri kupita yote. Kila kilomita nimeipangia wanachama wa kutuma ujumbe. Kilomita ya kwanza wanakwaya, ya pili wamama, ya tatu vijana wa kipaimara, hivyo hivyo hadi mwisho. Mstari wa Biblia, kisha wote Amina. Asikimbie peke yake hata hatua moja!

Kundi liliwaka. Sijawahi kuona upendo wa namna ile.

Saa ilizimika kilomita ya ishirini na tatu. Pale kwenye mwinuko, katikati ya migomba. Angeweza kurudi kwa pikipiki. Hakurudi. Alimaliza zote thelathini bila saa, bila ushahidi, akaingia kwa geti letu magoti yana vumbi. Macho yalikuwa mekundu. Hakulalamika. Akanigusa bega. Mimi! Yeye ndiye wa kushikwa bega!

Blessing alitupa baiskeli chini akapaza sauti. Kwamba amemfuata njia nzima na saa ilikuwa inanguruma kama mzinga wa nyuki. Kwamba kila Amina inaitetemesha na kuwasha kioo. Kwamba kinachoila ile betri ni kundi langu, na niache kumuua dada wa watu kwa maombi.

Namjibu hapa: wivu.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada Nashipae kaniita kando, tukakaa kwenye ukuta wa kanisa. Moyo wangu! Akaongea polepole. Akasema Blessing yuko sahihi, amejaribu mwenyewe usiku kucha: jumbe zikizuiwa, chaji haishuki. Upendo wa watu anaupenda, ila saa ni ndogo na watu ni wengi. Kesho anakimbia tena zote thelathini. Ndiyo nafasi ya mwisho. Atazuia jumbe zisiingie kwenye saa, na ananiomba mdogo wake nilinyamazishe kundi mpaka arudi.

Nimelia kidogo. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimeandika kundini: tunyamaze. Wote wakajibu Amina. Nikaandika: msijibu. Amina. Baba mdogo kanipigia kuuliza nimekosana na nani.

Jumatatu, 14 Julai

Thelathini juzi, thelathini nyingine leo! Kwa miguu ile ile!

Nilisubiri getini. Sikugusa simu. Nilikuwa nimeikalia. Ukungu ulifunguka na mlima ukatoka wote, mweusi, hadi kileleni, na chini yake nikaona kitone kinashuka barabarani. Hakuharakisha wala hakulegea. Blessing nyuma yake anakanyaga baiskeli, ulimi nje. Nilisahau kwamba namwogopa Nashipae. Nilipiga kelele jina lake hadi nikatafuta dawa yangu.

Saa ilikuwa inawaka! Kilomita thelathini, zote zimo, na chaji imebaki zaidi ya nusu!

Na nimeona jambo ambalo wengine hawakuliona. Alikuwa amevaa sweta.

Jumatano, 16 Julai

KACHAGULIWA! Kocha kapiga simu asubuhi. Anaondoka Ijumaa kwenda Mbulu. Kanikumbatia mbele ya Blessing, akasema kabla watu hawajamjua mimi nilikuwa nimeshamjua. Nikamwambia shikamoo. Haidhuru.

Nimetafakari kwa kina. Blessing anazunguka mtaani akisema ni jumbe. Blessing baiolojia alipata nini? Jumatatu kilichokuwepo ni sweta, na maombi ya wiki mbili yaliyokuwa yamejikusanya. Ijumaa ile sweta lilikuwa halijazoea mkono, ndiyo maana.

Nashipae kaomba nisimtumie jumbe akiwa mazoezini. Nimekubali. Ahadi ni ahadi, nimemtoa kundini. Lakini huko ugenini nani atamtia moyo kocha? Naye ni binadamu, naye anavaa saa, tena hukimbia na wakimbiaji wake. Mama yake Nashipae kanipa namba ya kocha. Nimemwingiza kundini, nikamkaribisha, na wote wamemsalimu.

Hajajibu tangu saa nne. Simu yake sasa haipatikani kabisa. Baba mdogo kaanza sala ya sauti, na Amina zimeshafika tisini.

Nimeanza kumfumia sweta.